Mmoja Katika Elfu

Wifi Atupele, sogea mstari huu,
karani wa mizani yuko mbali na ukungu haujainuka.
Jana bombani uliniuliza umeinamisha kichwa,
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyempenda:
"Kitanzi, ni kweli kinapanda hadi moyoni?"

Hakipandi moyoni.
Hayo ni ya kilabuni, ya wanaume
wanaohesabu watoto kwa vidole vya wake zao.
Lakini sitakudanganya kwamba hakitembei.

Mimi niliwekewa Anyisile akiwa na wiki sita,
maziwa yananichuruzika hadi kwenye kanga.
Nesi Mbilinyi alikuwa na mikono ya moto, na haraka;
foleni ilipita mlango ikafika kwenye miparachichi.
Alisema: tumbo litasokota, damu itazidi miezi ya mwanzo.
Ukipata homa, njoo. Ukikosa siku zako, njoo mbio.
Kila mwezi ukimaliza, tafuta uzi kwa kidole:
uzi ukiwepo, nacho kipo.
Akaongeza, kama anayesoma bei ya mbolea,
"Mara chache, mmoja katika elfu, hutoboa ukuta wa mji."
Sikumuuliza huyo mmoja anaitwa nani.

Elfu ni nini kwetu, Atupele?
Elfu ni gunia kabla ya saa nne.
Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi,
nani aliwahi kulitazama moja usoni?

Mwezi wa tatu niliutafuta uzi nikaukosa.
Nikajiambia kidole changu kifupi.
Mwezi wa nne nikajiambia umejikunja.
Kaka yako alilalamika unamchoma, ukapunguzwa;
nikajiambia basi walipunguza mno.
Maumivu yalikuwa madogo, ya upande mmoja,
kokoto ndani ya buti la mpira:
unatembea nayo tu, hadi Jumamosi.
Homa sikupata. Siku zangu zilikuja.
Mama yenu akasema dhambi imeanza kunila.

Mwezi wa saba nikaenda Tukuyu, wakanisukuma Mbeya,
pesa ya mbegu za viazi nimeifunga pindoni.
Wakanipaka ule ute wa baridi, wakatazama: mji mtupu.
"Labda kilidondoka," akasema kijana wa kipimo,
"hudondoka, mama hata hajui."
Daktari alilikataa lile labda. Akataka picha nyingine, ya mifupa.
Nami nikakiona, cheupe kwenye giza:
herufi T imelala ubavu,
nje ya nyumba, jirani na utumbo,
mgeni aliyetokea dirishani.

Ndivyo nilivyomjua yule mmoja.
Anaitwa Tusekile. Maana yake, tumefurahi.

Matundu matatu, usingizi wa dawa, siku mbili kitandani.
Nikarudi kwa Nesi Mbilinyi na hasira niliyoipika njia nzima.
Hakujitetea. Alikaa benchi langu, akasema,
"Anayenyonyesha, ukuta wake ni laini zaidi. Ningekwambia.
Na uzi ulipopotea ningetaka uje siku ileile.
Foleni ilikuwa ndefu."
Viatu vyake vilikuwa vimelowa kama vyangu.
Hasira ikakosa pa kukaa.

Sasa unaniuliza, uweke, usiweke.
Mama yenu alizaa kumi na mmoja, akazika wanne,
na ile hesabu hakuna nesi aliyemsomea.
Ndiyo maana sisemi usiweke.
Nasema uliza: wiki sita zikipita, nani atanitazama tena?
Uliza hata kama waliopanga nyuma yako wanaguna.
Na kidole chako usikionee haya. Ni cha kwako, na mji ni wako.

Niliomba wanipe. Nimekiweka kwenye kiberiti.
Kitazame. Si kikubwa kuliko hicho kichipukizi ulichoshika.
Shaba yake imekuwa nyeusi.

Funika, karani anakuja.
Na hilo jani la tatu litoe gunianii mapema,
watatukata.